Barafu ya Rangi ya Chai

Pirayú,
Jumapili, 9 Machi 2014

Mpendwa dada yangu Nimia,

Pokea salamu za mdogo wako, pamoja na heshima zako zote kama mkubwa wangu, maana hizo sijazipunguza hata leo. Hujambo? Mgongo wako je, ule unaokusumbua kwa kuwainua wazee wa watu vitandani? Mwanao Osmar anaendeleaje na shule? Na baridi ya huko Málaga imeisha, au bado mnalala na soksi? Huku kwetu joto limekataa kuondoka. Machi imeingia, lakini kuku wanatembea midomo wazi na mbwa wa Evelio amehamia chini ya tangi la maji.

Mimi ni mzima kwa kiasi cha mtu mwenye uvimbe titini. Nakula, nalala, nagombana na watu. Shemeji yako Evelio hajambo. Tanuri letu la mikate ya chipa linawaka kila alfajiri kama kawaida, ila siku hizi yeye ndiye anayekanda unga na jibini, na mimi nakaa kwenye kiti nikimkosoa. Mama naye hajambo. Kwa Mama nitakuja.

Utajiuliza kwa nini naandika na simu ipo. Naandika kwa sababu kwenye simu wewe una kipaji cha kulia kabla sijafika katikati ya neno, kisha naanza kukubembeleza, na mazungumzo yakiisha nakuta mimi ndiye niliyeomba radhi. Karatasi hailii. Tena simu ya nyumba hii ina masikio mawili ya ziada, na unajua ni ya nani. Kwa hiyo kaa kitako, dada, usome mpaka mwisho. Najua umepiga mara nyingi na sikupokea. Hili ndilo jibu langu.

Kwanza nataka ukumbuke mambo yalivyoanza, kwa sababu naona wewe na Mama mmejitengenezea kumbukumbu yenu. Daktari Riveros alisema uvimbe ulikuwa mkubwa mno kukatwa ulivyo. Nipewe kwanza zile dawa kali za dripu, usinyae, ndipo wapasue. Akasema tusikawie. Siku ileile nilikupigia nikakueleza yote, ukaniambia, "Blasi, mdogo wangu, fuata kila wanachokuambia. Usianze ujuaji wako." Neno hilo nililishika kama amri, maana wewe ndiye uliyenilea Mama alipokuwa anashinda sokoni. Sikuwa nimewahi kuwa na sababu ya kutokukuamini.

Kabla ya kuanza dripu, hospitali ile humwita mgonjwa na mtu wake mmoja wa karibu wakaketishwa na kuelezwa tahadhari. Mtu wangu wa karibu alikuwa Mama. Aliyetueleza ni nesi Zunilda, mwanamke mfupi asiye na subira, anayeongea kama anayepanga foleni ya mkate. Alisema nikaonwe meno kwanza, kwa sababu jino bovu ni mlango wa vijidudu na dawa ikianza mwili hauna askari. Alisema nipimwe damu kuona kama sina homa ya ini iliyolala. Alisema nihakikishe sipati mimba. Nikamwambia nina miaka arobaini na sita na mume anayekoroma kuku wanapoingia bandani. Akanijibu bila kutabasamu, "Bi Blásida, nimeshawahi kushika watoto watatu waliozaliwa na wanawake waliosema hivyohivyo."

Akatupa kipimajoto. Homa ikifika thelathini na nane, tusingoje kupambazuke, tusiweke kitambaa cha maji wala kusali rozari kwanza, tuje. Mwenye mafua asinikaribie. Saladi mbichi ya sokoni niisahau kwa muda.

Halafu akafika kwenye mambo mawili yanayomhusu kila mtu wa nchi hii. La kwanza, tereré, kinywaji chetu cha baridi. Majani ya yerba matupu na maji safi, ruksa. Lakini pembe langu la kunywea na mrija wangu viwe vyangu peke yangu, asinyonye mtu mwingine. La pili, mizizi. Magome, majani, unga wa kutoka kwa mwenye kinu sokoni, chochote kile, marufuku. Hata mnanaa niuache mpaka waseme wao. Alieleza vizuri, hata mtoto angeelewa: ini ndilo linaloisafisha dawa mwilini, na ukilipa kazi nyingine, dawa inabaki inazurura ndani na kukuunguza. Ini likiwa na hasira, dripu haitundikwi. Kila kitu ninachomeza nikiweke kwenye mfuko mmoja, niwe nakuja nao kila siku ya kupimwa.

Mama alikuwa ameketi kushoto kwangu. Nilimsikia kwa masikio yangu akisema, "Nimeelewa, binti yangu. Mizizi hapana." Akamshika nesi mkono na kumbariki.

Sasa kuhusu hilo pembe. Wewe umeondoka siku nyingi, lakini najua hujasahau. Watu wameketi barazani, pembe linazunguka, kila mmoja ananyonya mrija uleule na kumrudishia mwenye kumimina, na maneno yanazunguka pamoja nalo. Mimi nikawekwa pembeni na pembe langu jipya na thamosi yangu. Nilijisikia kama mgeni aliyekuja kudai kitu. Evelio akajaribu utani: "Mpisheni malkia, ana kiti chake na kikombe chake." Nikacheka, lakini moyoni iliniuma. Kilichonishangaza ni jinsi Mama alivyolikubali jambo hilo upesi, yeye ambaye akikuona unafuta mrija kwa kitambaa anakuuliza kama unamwona ana ukoma. Alisema, "Mimi ndiye nitakayekutayarishia, mwanangu. Usijisumbue. Kwa mikono yangu, kwa maji niliyochemsha mwenyewe."

Dada, nilimsifu. Nilikupigia nikamsifu kwako. Nilikuambia, Mama mzee namna ile ameelewa kuliko vijana, kila asubuhi anajaza thamosi yangu, anatia barafu, anakoroga, hataki hata Evelio aiguse. Ukasema, "Mungu ambariki." Sasa nikilikumbuka jibu hilo uso unanichoma.

Baada ya muda tereré yangu ikaanza kuwa na uchungu. Si ule wa yerba, huo nimenyonyeshwa nao. Ulikuwa uchungu wa kukaa nyuma ya ulimi, wa kama kutafuna kamba mbichi. Nikadhani ni ugonjwa. Watu wanasema saratani hubadilisha ladha, basi nikakubali. Nilikueleza na hilo pia. Na wewe, Nimia, ulinijibu kwa sauti ile yako ya kunibembeleza nikiwa na surua, "Ndivyo magonjwa yalivyo, Blasi. Wewe kunywa tu. Maji ni uhai."

Ulijua. Nataka nikuandikie neno hilo peke yake ulione. Ulijua.

Nikaenda kupimwa damu ili nianze. Ini lilikuwa juu. Daktari akasema tungoje kidogo, huenda ni kitu cha kupita. Nikarudi tena, limepanda zaidi. Wakanipima homa ya ini, hakuna. Wakanipiga picha ya tumbo, safi. Pombe sinywi, unanijua, hata Krismasi naishia kwenye juisi. Nesi Zunilda akaniambia nimwage mfuko wangu mezani. Ulikuwa mtupu, na mimi nilikuwa najivunia utupu ule.

"Mizizi?" akauliza.

"Hapana."

"Kidogo tu? Kijani kwenye tereré? Kitu cha kutuliza tumbo?"

"Naapa kwa jina la mama yangu huyu hapa."

Mama akashusha macho kwenye rozari yake. Nesi akatutazama sote wawili, akafunga jalada langu. "Bi Blásida, watu husema mengi. Ini halina mdomo wa kusema uongo."

Sikuwa nimewahi kuitwa mwongo mbele ya mama yangu mzazi. Basini nililia kimyakimya, na Mama akanifuta machozi kwa leso yake, akaninong'oneza nisiwajali, hospitali hawajui kila kitu. Mkono ulioninywesha ndio ulionifuta. Wenye maneno wangesema nilipakwa mafuta kwa mgongo wa chupa, lakini mimi nasema chupa yenyewe mlinivunjia kichwani.

Wakati huo wote uvimbe haukuwa unatungoja. Nilikuwa nikiinua mkono kuchomoa chipa tanurini nausikia umejaa kwapani, na asubuhi nikioga vidole vyangu vilichukua njia ndefu zaidi kuuzunguka. Daktari alipoupima mara ya tatu aliandika tu. Nilimwuliza kama bado kuna muda. Akasema, "Upo, lakini si wa kuchezea."

Sasa nikuambie nilivyogundua, kwa sababu najua Mama amekusimulia kwa namna ya kujipendelea.

Ilikuwa katikati ya Februari, mchana wa jua la kupasua mawe. Mama alikuwa ameenda kwenye sala za siku tisa za marehemu mzee Fulgencio, Evelio alikuwa anapeleka chipa kituo cha basi. Thamosi yangu ilikauka. Kwa mara ya kwanza tangu mambo haya yaanze, nikaenda kujichukulia barafu mwenyewe. Nikafungua friza. Juu kulikuwa na vile vifuko vyetu virefu vya barafu, vyeupe kama siku zote. Chini kabisa, chini ya mfuko wa nyama, vilikuwepo vingine, vimefungwa kwa uzi mwekundu. Barafu yake ilikuwa ya rangi ya chai.

Nilidhani ni mchuzi. Nikapasua kimoja nikatia kipande mdomoni.

Ilikuwa ladha ileile. Ule uchungu wa nyuma ya ulimi niliodhani ni wa ugonjwa wangu, niliokuwa nimeshaukubali na kuuzoea na hata kuuombea, ulikuwa umegandishwa na kupangwa vizuri kwenye friza ya nyumba yangu. Niliketi sakafuni pale jikoni na mlango wa friza wazi. Nilikaa mpaka miguu ikafa ganzi kwa baridi.

Mama aliingia na shela yake nyeusi kichwani na kipande cha keki ya mahindi alichonibebea kutoka msibani. Akanikuta nimepanga vifuko mezani.

"Ni nini hiki, Mama?"

"Ni dawa."

"Dawa ya nani?"

"Yako, ya nani tena? Mizizi ya Bi Obdulia wa sokoni. Ameiponda mwenyewe mbele yangu, nimeichemsha, nimeichuja mara mbili. Ni kitu kisafi."

"Ulikuwa umekaa pale nesi anasema mizizi hapana! Ulimwambia umeelewa!"

"Nilielewa. Sikukubali." Akavua shela akaikunja taratibu. "Wale wanataka kukutundikia dripu nyekundu kama damu ya shetani, nywele zing'oke, kucha ziwe nyeusi, na wewe unawaambia asante daktari. Mimi nakupa mzizi alionipa mama yangu, unanitazama kama nimetia sumu kisimani."

"Ini langu linaungua, Mama! Ndiyo maana hawanianzishii!"

"Basi mzizi umefanya kazi," akasema. "Hawajakugusa."

Dada, nilikosa pa kushika. Sikuwa nimewaza hilo. Nilidhani alitaka mizizi isaidiane na dripu, kumbe alifurahia kila nilipofukuzwa. Kila siku niliporudi nalia basini, yeye alirudi ameshinda.

Akachukua kipande cha barafu ile, akakitia mdomoni akakitafuna kwa meno yake machache, akinitazama. "Unaona? Nimekufa?"

Evelio akaingia katikati ya hayo na vikapu vitupu. Alipoona uzi mwekundu mezani aligeuka kama mtu aliyekosea nyumba. Nikamwita. Akasema alidhani ninajua. Nikamwuliza kwa nini basi vilikuwa chini ya nyama. Akakuna kisogo. "Mama yako alinikataza, mke wangu. Na dada yako alinipigia, akasema nisiwaingilie wanawake kwenye mambo ya damu yao."

Hapo ndipo jina lako lilipoingia jikoni kwangu.

Mama hakukuficha, usimlaumu. Alisema kwa fahari kabisa kwamba ni wewe uliyetoa wazo la barafu. Nimia wangu, uliyesoma, unayewapa wazee wa Málaga vidonge vyao kwa saa na kwa dakika. Mama alikuwa amekuambia kwamba nesi amenipa pembe langu na kila mtu anaogopa kuligusa. Na wewe ukaona mlango. Tahadhari iliyowekwa nisipate vijidudu vya watu, ninyi mkaifanya njia ya kunifikia mimi peke yangu bila mwingine kuonja. Kama pembe lingekuwa bado linazunguka, jirani yeyote angetema mate na kuuliza, jamani, mmetia nini humu? Mliniweka pembeni mkanifungia na barafu yenu.

Nimesikia ujumbe uliomwachia Evelio. Kwamba ulitaka kuniokoa. Kwamba yule bibi uliyekuwa unamtunza, Encarna, alianza dripu akitembea na akamaliza akibebwa, na kwamba ulimwosha mwenyewe siku ya mwisho. Pole, dada. Nasema kwa moyo, pole. Hukuwahi kunisimulia jambo hilo, na nimelia kwa ajili yake pia. Lakini ulikuwa na hofu yako, ukaichemsha, ukaninywesha mimi. Ungeniambia, "Blasi, naogopa." Ningekukaripia, tungegombana simu ikazima, kisha ningemwuliza nesi maswali yako yote, na yule angenijibu kwa ukali wake. Hayo yangekuwa mazungumzo ya ndugu. Badala yake uliniambia nifuate kila ninachoambiwa, na ukakata simu ukampigia Mama.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuwa nikiusikia msemo huo nadhani unawahusu watu wenye ndugu wabaya. Ninyi si wabaya, na hilo ndilo linalonikosesha usingizi. Adui ningemjulia.

Siku iliyofuata nilitia vile vifuko kwenye ndoo ya baridi ya kuuzia soda, nikapanda basi peke yangu. Nilimtafuta nesi Zunilda, nikamfungulia kifuniko. Nilikuwa nimejiandaa anifokee. Alikitazama kifuko kimoja kwenye mwanga, akavuta kiti akaketi, jambo ambalo sikuwa nimewahi kumwona akilifanya.

"Nani?" akauliza.

"Mama. Na dada yangu."

"Kila wiki kuna anayeniapia kwa jina la mama yake," akasema. "Wewe ndiye wa kwanza ambaye mama mwenyewe ndiye aliyehusika." Kisha akaniomba radhi kwa kufunga lile jalada vile. Ni yeye peke yake katika habari hii yote aliyeniomba radhi bila kuongeza neno "lakini."

Daktari Riveros akasema nisimeze chochote zaidi ya chakula na maji mpaka ini litulie, na nirudi kupimwa. Akasema pia nahitaji mtu mwingine wa kusimama nami: wa kusikiliza tahadhari upya, wa kukaa na kipimajoto, wa kunileta hospitali homa ikipanda hata kama mimi mwenyewe nasema sijambo, na wa kusema ukweli akiulizwa. Nikawaza nyumba nzima. Evelio ananipenda, lakini Mama akikohoa tu yeye anasahau alichokuwa anasema. Shangazi Petrona angeniletea mizizi yake mwenyewe. Nikaona kila ninayempa jina ni mtu anayenipenda, na nikaogopa.

Basi nimemchagua Bi Cantalicia.

Ndiyo, huyohuyo wa ng'ambo ya ua. Yule anayetupigia kelele kila Wiki Takatifu kwamba moshi wa tanuri letu unamharibia mashuka, aliyemwita Evelio punda mbele ya padri. Nilienda nikasimama mlangoni kwake nikamweleza yote. Alinisikiliza huku anamenya mihogo.

"Na kwa nini mimi?" akauliza. "Sikupendi, wewe mwanamke."

"Ndiyo maana."

Akamenya wa pili mpaka mwisho. "Homa ikifika thelathini na nane nitakuburuta kwa nywele," akasema, "kama bado utakuwa nazo." Nilicheka mpaka nikashika ubavu, dada. Sikuwa nimecheka hivyo tangu mwaka jana. Akaja kwa nesi Zunilda na miwani yake, akauliza maswali hadi nesi mwenyewe akatazama saa. Wale wawili wamepatana kama pilipili na ndimu.

Tangu hapo najichemshia maji yangu mwenyewe. Barafu yangu iko kwenye friza ya Bi Cantalicia. Nakaa barazani kwake jioni na pembe langu, yeye na lake, na tunanyamaza kwa amani. Mama ananiona kupitia ua. Wakati mwingine anasimama pale na taulo begani kana kwamba anaanika nguo. Namsalimia, namwomba baraka kama kawaida, ananibariki. Chakula chake sili. Juzi aliniletea yai la kuchemsha likiwa na ganda lake, akasema, "Hili je? Ndani ya ganda nimeingiaje?" Nilitaka kulila, Nimia. Njaa nilikuwa nayo, na yeye alikuwa bado ameninyooshea. Nikalirudisha.

Ijumaa nilipimwa damu. Matokeo yametoka: ini limetulia, limerudi mahali pake. Uvimbe umekua, hilo daktari hakunificha. Lakini amesema dawa bado inaweza kuutuliza na kisu kikafuata. Jumatano naanza dripu ya kwanza, ile nyekundu. Meno yameshaonwa. Kipimajoto kipo mfukoni mwa aproni ya Bi Cantalicia. Naogopa sana. Nilitaka uwe wa kwanza kujua kwamba naogopa, kwa kuwa mimi bado nakuambia mambo.

Evelio anasema umekata tiketi ya kuja. Njoo. Sitakuzuia, hii ni nyumba yenu pia, na huenda nikakuhitaji kuliko ninavyojua sasa. Ila uje mikono mitupu. Usilete kidonge wala unga, hata kama umeununua duka la dawa lenye taa za kijani. Usinimiminie maji mpaka nikuombe mwenyewe. Na ukiogopa, uogope kwa sauti, mbele yangu, nikusikie.

Msalimie sana Osmar, mwambie mama yake mdogo amemtunzia ule mpira aliouacha. Msalimie na shemeji yako Evelio ukimpigia, maana anaogopa umemkasirikia. Shangazi Petrona anakusalimu, na Bi Cantalicia anasema kama mashuka ya Málaga hayanuki moshi umtumie mawili. Mama amenisimamia nikiandika, kwa mbali, hajui kusoma mwandiko wangu. Anauliza kama nimekusalimia kwa niaba yake. Nimekusalimia.

Bikira wa Caacupé akufunike na joho lake, akulinde njiani, na wale wazee unaowanywesha dawa awape mtu wa kuwaambia ukweli.

Wiki hizi zote hakuna mtu anayenipenda aliyegusa maji yangu, na ini langu limepona. Nimeliandika hili mwisho kwa sababu sikujua pengine pa kuliweka.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye bado, lakini kukuamini sijaweza,

Blásida